Kushika bila kukaba: jibu kwa mwanafunzi anayeuliza kuhusu utafiti wa hidrojeni

Swali hili limetoka kwa mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Arua anayesoma Kampala. Ameandika hivi: “Mwalimu, nimesoma kwamba wako wanasayansi wanaomaliza umri wao wakitafuta vitu vya kutunzia hidrojeni. Naomba unieleze kazi yao ni nini hasa, kwa nini inachukua miaka mingi hivyo, na kama kuna faida kwa Mganda kuifanya wakati sijaona hata gari moja la hidrojeni barabarani. Baba anauliza nitakula nini.”

Binti yangu, mimi ni mmoja wa hao wanaomaliza umri. Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini, ng'ambo kwanza na kisha hapa nyumbani, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Swali la mzee wako nitalifikia pia kwa heshima yake, maana aliyekulipia karo ana haki ya kuuliza.

Hidrojeni ndiyo elementi nyepesi kuliko zote, na shida yote inaanzia hapo. Kilo moja ya hidrojeni ina nishati ya takriban megajuli 120, wakati kilo ya petroli ina kama 44. Kwa uzito, basi, hidrojeni inaishinda petroli karibu mara tatu. Lakini petroli utaibeba kwenye kidumu, na hidrojeni hutaibeba hivyo. Katika joto na shinikizo la kawaida la hewa, kilo hiyo moja inataka nafasi ya mita za ujazo 12 hivi. Fikiria chumba cha kupanga cha Kampala, kile tunachokiita muzigo, chenye mita tatu kwa tatu na dari ya kawaida: kilo moja ya hidrojeni ingejaza nusu yake. Gari la Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa mwaka 2014, huendeshwa na seli fueli, yaani kifaa kinachokutanisha hidrojeni na oksijeni bila moto na kutoa umeme na maji. Gari hilo hubeba kilo 5 hivi za gesi hiyo. Hivyo ni vyumba viwili na nusu vya gesi, vinavyotakiwa viingie chini ya viti.

Njia ya kwanza ya kuiingiza ni kuishindilia. Matangi ya gari hilo, yaliyofumwa kwa nyuzi za kaboni, hustahimili shinikizo mara 700 ya hewa tunayovuta, na hata hivyo lita moja ya tangi hubeba gramu 40 tu. Njia ya pili ni kuigandamiza na kuipoza mpaka iwe kimiminika, kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Hapo lita hubeba gramu 71, lakini kuipoza kiasi hicho kunakula karibu theluthi ya nishati iliyomo ndani yake. Warushao roketi wanaweza kulipa gharama hiyo. Kituo cha afya cha Koboko hakiwezi. Njia ya tatu ni kuificha hidrojeni ndani ya kitu kigumu, na hiyo ndiyo iliyochukua maisha yangu.

Mwaka 1866 mkemia Thomas Graham, mzaliwa wa Glasgow aliyefanya kazi London, alitangaza kwamba metali ya paladiamu humeza hidrojeni. Kipande cha paladiamu kinaweza kumeza gesi hiyo zaidi ya mara 900 ya ujazo wake chenyewe, na ukikitazama bado ni kipande cha metali. Gesi haikai humo kama maji yanavyokaa ndani ya sponji. Molekuli ya hidrojeni hupasuka juu ya uso wa metali, zikawa atomu mbili, na kila atomu hupenya na kukaa katika mwanya ulioko kati ya atomu za metali zilizojipanga safu kwa safu. Kitu kinachopatikana tunakiita hidridi. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa maabara za Philips kule Eindhoven, Uholanzi, waliokuwa wakichunguza sumaku, walikuta kwamba aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya lanthanamu moja kwa nikeli tano hufanya hivyo hivyo katika joto la kawaida na kwa shinikizo dogo tu. Ndani ya aloi hiyo iliyoshiba, lita moja ina zaidi ya gramu 100 za hidrojeni, yaani hidrojeni imebanana kuliko ilivyobanana katika kimiminika chake yenyewe. Niliposoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilidhani mchapaji amekosea, nikalifanyia hesabu upya kwa kalamu.

Baadaye nililishika kwa mkono. Tulikuwa na chupa ya chuma yenye ukubwa wa termosi ya chai, imejaa unga wa kijivu wa aloi hiyo. Ukifungua vali ili hidrojeni iingie, husikii kitu, lakini baada ya nusu dakika chupa inaanza kupata joto kiganjani, na punde inakuwa ya moto kiasi cha kuiweka chini. Ukiigeuza, ukaiacha gesi itoke, chupa inapoa mpaka umande unaikaa kwa nje kama soda iliyotolewa kwenye friji. Huhitaji mlinganyo wowote kuelewa kwamba metali ilipoipokea hidrojeni ilitoa joto, na sasa inalidai joto lile lile ili iiachie. Wanafunzi wangu wote huanza na chupa hiyo, kabla ya ubao.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yetu. Metali inatakiwa iishike hidrojeni kwa nguvu ya kutosha isitoroke, lakini isiishike kwa nguvu mno hata ikatae kuitoa. Inatakiwa ishike bila kukaba. Paladiamu ni ghali mno. Aloi ya lanthanamu na nikeli hushika kwa upole unaofaa, lakini ni nzito: hidrojeni ni asilimia 1.4 tu ya uzito wake, kwa hiyo kilo 5 za gari lile zingehitaji aloi ya zaidi ya kilo 350. Magnesiamu, kwa upande wake, ni nyepesi na inapatikana kwa wingi duniani, na hidridi yake ina hidrojeni ya asilimia 7.6, jambo linalompa mtafiti mpya furaha kubwa mpaka ajue kwamba magnesiamu hukaba. Haiachii mpaka uipashe moto wa karibu nyuzi 300. Joto linalohitajika kuitoa kilo moja ya hidrojeni humo ni megajuli 37 hivi, na kilo hiyo yenyewe, kama nilivyotaja, ina 120. Unachoma karibu theluthi ya shehena ili ushushe shehena.

Kuna jambo jingine linalotokana na joto hilo, ambalo vitabu vya utangulizi hulipita haraka, nami nataka ukae nalo. Tuchukue aloi ile ya upole, inayotoa megajuli 15 hivi kwa kila kilo ya hidrojeni inayoingia. Dereva anataka kujaza kilo 5 kwa dakika 5, kama ajazavyo petroli. Gawanya, utaona tangi linatoa joto la kilowati 250 kwa dakika zote hizo, sawa na birika za umeme 125 za kilowati mbili zikichemka kwa pamoja chini ya kiti cha nyuma. Joto hilo lisipoondolewa, aloi inapata moto na kuacha kumeza. Kibaya zaidi, aloi inapomeza hupanuka karibu robo ya ujazo wake, inapotoa hunywea, na baada ya mizunguko michache hupasuka yenyewe ikawa unga laini, nao unga haupitishi joto vizuri. Ndiyo maana watu wengi wenye akili nzuri wametumia miaka wakitengeneza mabomba na mapezi ya kupoza tangi tu, na kazi yao si ndogo kuliko ya mgunduzi wa aloi.

Uliuliza pia, katika mstari mmoja wa mwisho ambao sikuunukuu hapo juu, kwa nini kila anayeandika juu ya utunzaji wa hidrojeni huandika pia juu ya vichocheo, kana kwamba ni somo moja. Ni somo moja kweli. Nilisema molekuli ya hidrojeni hupasuka juu ya uso wa metali. Lakini kuipasua si kazi nyepesi, kwani atomu zake mbili zimefungamana kwa nguvu, na nyuso nyingi haziwezi. Magnesiamu ni dhaifu kabisa katika jambo hilo, tena hujifunika utando wa oksidi mara inapoguswa na hewa, na utando huo ni kama mlango uliopigwa komeo. Ndipo tunaweka kichocheo. Neno letu la Kiswahili ni zuri kuliko wengi wanavyofikiri. Anayechochea kuni kwa kijiti haongezi kuni, wala kijiti si sehemu ya moto. Anasogeza tu vile vinavyotaka kuwaka mahali vinapoweza kuwaka. Kichocheo cha kemia hufanya hivyo: kinaingia katika mwendo wa mmenyuko, kinaufanya uwe mwepesi, kisha kinatoka kilivyoingia. Mwaka 1823 mkemia Mjerumani Döbereiner alionyesha kwamba mkondo wa hidrojeni ukipulizwa juu ya unga wa platinamu huwaka wenyewe bila kiberiti, akaufanya kuwa taa ya kuwashia moto. Mkemia Mswidi Berzelius ndiye aliyeupa uchocheaji jina lake la kisayansi mwaka 1835.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1997. Hidridi ya sodiamu na alumini ilijulikana zamani. Ina hidrojeni zaidi ya asilimia 5 ya kutoleka, lakini ikishaitoa hairudishi, kwa hiyo ilikuwa kemikali ya kutumia mara moja na kutupa. Borislav Bogdanović na Manfred Schwickardi, katika taasisi ya Max Planck kule Mülheim, Ujerumani, walitia humo kiasi kidogo cha titaniamu, na kile kilichokuwa njia ya kwenda tu kikawa njia ya kwenda na kurudi. Uzito wa hidrojeni haukuongezeka. Kilichobadilika ni wepesi wa mlango. Tangu mwaka huo watafiti wa hidridi hatukuweza tena kusema kwamba vichocheo ni kazi ya jirani.

Na kanuni ya vichocheo ni ile ile ya kushika bila kukaba. Paul Sabatier, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi yake ya kuunganisha hidrojeni na kampaundi za kaboni kwa metali kama nikeli, ndiye aliyetuachia wazo hilo: uso ukiishika molekuli kwa ulegevu, uso haufanyi kazi yoyote juu yake; ukiishika kwa nguvu mno, molekuli inabaki pale na kuziba njia ya zingine. Ukichora uwezo wa metali mbalimbali dhidi ya nguvu zao za kushika, unapata umbo la mlima wa volkano, kama Muhavura unavyoonekana kutoka Kisoro, wenye miteremko miwili na kilele kimoja. Katika kutoa hidrojeni kwenye maji kwa umeme, platinamu iko karibu na kilele, na sehemu kubwa ya platinamu ya dunia huchimbwa Afrika Kusini. Nikeli iko chini kidogo mteremkoni, na kwa bei yake nchi nyingi huridhika nayo. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwa vipimo kwamba katika salfidi ya molibdenamu, ambayo hutumika hata kwenye grisi, sehemu inayofanya kazi ni kingo za vipande vyake na si nyuso zake bapa. Hesabu za kompyuta zilikuwa zimelitabiri jambo hilo miaka miwili kabla. Kumbuka hesabu hizo za kompyuta, nitazirudia.

Sasa kuhusu siku ya kazi ilivyo, kwa sababu nadhani hilo ndilo unalotaka kujua kwa dhati. Kifaa chetu cha kila siku huitwa kwa jina la Sieverts, mkemia wa Kijerumani. Ni vyumba viwili vya chuma vyenye ujazo unaojulikana, vali katikati, na kipima shinikizo. Unajaza hidrojeni katika chumba cha kwanza, unafungua vali, gesi inaingia katika chumba chenye sampuli yako, na unatazama shinikizo linavyoshuka. Gesi iliyopotea, unasema, imeingia ndani ya metali.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu nilikuwa nimesaga magnesiamu pamoja na oksidi ya naiobiamu kwa saa nyingi ndani ya kinu cha gololi, chini ya gesi ya agoni ili hewa isiiguse. Niliipima, na shinikizo likashuka usiku kucha, kwa mstari mzuri ambao sikuwa nimewahi kuuona. Kwa miezi mitatu nilirudia na kuandika, na kila mara mstari ulikuwa mzuri. Msimamizi wangu, mzee mpole asiyependa maneno mengi, aliuangalia mchoro akaniuliza swali moja: “Umepima chombo kikiwa kitupu?” Sikuwa nimepima. Nilitoa sampuli, nikajaza hidrojeni katika chuma kitupu, na shinikizo likashuka usiku kucha kwa mstari ule ule. Tulipaka povu la sabuni kwenye maungio, kama muuza gesi wa mtaani anavyopaka mdomo wa mtungi kabla ya kukukabidhi, na kwenye ungio la nne vikatokea vipovu vidogo kama vichwa vya sindano, kimoja baada ya kingine, vikipitia mkwaruzo wa gaskiti ambao jicho halikuweza kuuona bila kioo cha kukuzia. Miezi mitatu ile nilikuwa napima tundu.

Nakusimulia hilo kwa sababu hidrojeni ndiyo molekuli ndogo kuliko zote, hupita pasipopitika, na kifaa chako hakitofautishi kati ya gesi iliyoingia kwenye metali na gesi iliyokwenda zake. Hata mvua inaweza kukudanganya. Joto la maabara likishuka nyuzi tatu kwa mvua ya alasiri ya Kampala, shinikizo la gesi hushuka asilimia moja bila chochote kumezwa, na kama sampuli yako ni gramu moja, asilimia hiyo moja inaweza kuwa ugunduzi wako wote. Mwaka 1998 ilichapishwa makala iliyodai kwamba nyuzi ndogo za grafiti hutunza hidrojeni hadi asilimia 67 ya uzito. Dunia nzima ilikimbilia kaboni, maabara baada ya maabara ilijaribu, na hakuna iliyoweza kuyapata tena matokeo hayo. Sisemi kwamba watu wale hawakuwa waaminifu. Nasema kwamba kupima gesi nyepesi katika kitu kidogo ni kazi ngumu, na fedha na miaka mingi ya watu wengine ilipotea. Ukiniuliza sifa ya kwanza ya mtafiti wa fani hii, sitakuambia akili. Nitakuambia ni yule anayepima chombo kitupu bila kuambiwa.

Kwa nini miaka mingi? Chukua aloi inayofaa, ithibitishe kwamba inadumu. Mizunguko 1,000 ya kujaza na kutoa, kwa saa mbili kila mmoja, ni siku 83 bila kupumzika, na hiyo ni sampuli moja. Hapa kwetu ongeza kwamba umeme ukikatika katikati ya mzunguko, tanuri linapoa, vali inajifunga, na wakati mwingine hewa inaingia na kuiharibu sampuli moja kwa moja. Nimepoteza sampuli iliyofika mzunguko wa 612 kwa namna hiyo, usiku wa Jumamosi, na nilikaa kimya muda mrefu kabla ya kuanza tena kutoka mwanzo.

Jambo la usalama nitalisema kwa kifupi, lakini ulichukue kwa uzito wote. Hidrojeni huwaka ikiwa ni kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, cheche ndogo mno inatosha kuiwasha, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Wafanyakazi wa zamani walitembea wakiwa wameshika ufagio mbele yao, ili ufagio uwake kabla ya mtu. Maabara isiyo na madirisha ya juu na kitambuzi cha gesi, usikubali kufanya kazi humo, hata akiwa ni profesa anayekuamuru.

Je, ina faida kwa Mganda? Nitakuwa wazi nawe: sidhani gari la hidrojeni ndilo jibu letu. Kwa safari za mjini, betri ni bora, na pikipiki za umeme za bodaboda pamoja na mabasi ya Kayoola yanayotengenezwa Jinja yako katika njia sahihi. Ukitumia umeme kupata hidrojeni kwenye maji, unatumia yuniti 50 na kitu kwa kilo moja, kisha seli fueli inakurudishia kama yuniti 16 au 17. Kati ya kila yuniti tatu za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, unazotia, unatoa moja. Betri hurudisha nyingi zaidi ya hapo, na mtu anayekuficha hesabu hiyo anataka kukuuzia kitu.

Lakini hidrojeni si mafuta ya gari tu, na kwa kweli leo karibu haitumiki hivyo. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 90 kwa mwaka, karibu zote kutoka kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na nyingi huenda kwenye viwanda vya kusafishia mafuta na kwenye amonia. Mfuko wa urea anaonunua mkulima wa Kabale umetoka huko. Tangu mwaka 1913, kiwanda cha kwanza kilipoanza Oppau, Ujerumani, amonia hutengenezwa kwa kupitisha hidrojeni na nitrojeni juu ya chuma, baada ya Alwin Mittasch na wenzake kujaribu vichocheo kwa maelfu na kukuta kwamba kilicho bora ni madini ya chuma kutoka Uswidi yenye uchafu unaofaa ndani yake. Fikiria hilo: uchafu ndio ulioifanya kazi. Sisi tuna madini ya chuma Muko, tunanunua mbolea kwa bei inayopandishwa na barabara ndefu kutoka Mombasa, na tuna maji na mabwawa. Karuma peke yake, iliyozinduliwa mwaka 2024, ina megawati 600, na usiku wa manane mahitaji ya umeme hushuka. Megawati moja kwa saa moja hutoa kilo 19 hivi za hidrojeni. Mtu wa kujua ni kichocheo gani kitengeneze amonia kwa shinikizo la chini, katika mtambo mdogo unaoweza kuzimwa na kuwashwa kufuatana na umeme, hajafika bado, na hakuna sababu asiwe mzaliwa wa Arua.

Kisha kuna utunzaji wa mahali pamoja. Nilisema aloi ni nzito, lakini uzito ni kosa kwa kitu kinachosafiri tu. Mwaka 1974 James Reilly na Richard Wiswall wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walieleza aloi ya chuma na titaniamu inayotunza hidrojeni ya asilimia 1.8 hivi katika joto la kawaida, kwa metali zisizo adimu. Manowari za Kijerumani za aina ya 212 hubeba hidrojeni yao ndani ya hidridi ya metali, kwa sababu manowari haiogopi uzito. Kituo cha afya nacho hakiogopi. Shida ya aloi hiyo ni kwamba ikiguswa na hewa hugoma, na kuiamsha mara ya kwanza huhitaji moto mkali na shinikizo kubwa. Ukibadilisha sehemu ndogo ya chuma kwa manganisi huamka kwa urahisi zaidi. Hapo pana swali la utafiti linalolingana na mfuko wetu, na ndilo ninaloshughulika nalo sasa.

Madini pia. Lanthanamu ni mmoja wa ukoo wa madini adimu, na ukoo huo uko katika udongo wa Makuutu, mashariki mwa nchi; kobalti, inayohitajika katika vichocheo vingi, imewahi kutolewa kwenye marundo ya masalio ya shaba ya Kilembe. Nchi inayouza udongo bila kuwa na watu wanaoelewa kinachofanywa kwa udongo huo haina mahali pa kusimama inapopanga bei. Linaniuma, ndiyo maana nalisema.

Sasa mzee wako. Mwambie kwamba anayesomea hidridi na vichocheo hasomei hidrojeni peke yake. Anajifunza kupiga mionzi ya eksirei ili kusoma mpangilio wa atomu, kupima gesi, kuendesha shinikizo kubwa bila kuua mtu, na kuandika ripoti inayosimama. Kiwanda cha kusafishia mafuta kinachopangwa Kabaale, Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku, kitaendeshwa kwa vichocheo, kama vilivyo vyote duniani. Betri za nikeli na hidridi zilizobebwa na gari la kwanza la Toyota Prius mwaka 1997 zilitokana na ukoo wa aloi ile ya Eindhoven. Viwanda vya saruji, vya chuma na vya dawa, maabara za viwango na vyuo vikuu, vyote huajiri mikono ya namna hiyo. Hatatajirika upesi. Mshahara wa mhadhiri mwanzoni ni mdogo, na miaka ya uzamili na uzamivu, sita au saba kwa pamoja, ni miaka ya posho. Mzee anastahili kuambiwa hilo sasa kuliko kuligundua baadaye.

Kuhusu njia, usisubiri vifaa. Kuna programu huru ya kompyuta iitwayo Quantum ESPRESSO, inayokokotoa jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya metali na hivyo nguvu ya kushika hidrojeni. Ndiyo aina ya hesabu niliyokuambia ukumbuke. Shule ya Kiafrika iitwayo ASESMA, iliyoanza Cape Town mwaka 2010 na kufanyika tangu hapo katika nchi mbalimbali za bara letu, huwafundisha vijana kuitumia. Kwa majaribio ya mkono, Afrika Kusini ina mpango wa kitaifa wa hidrojeni ulioanza mwaka 2008, HySA, na Chuo Kikuu cha Western Cape ni moja ya vituo vyake, chenye uzoefu mrefu wa hidridi za metali. Kwa ufadhili wa uzamivu, shirika la wanawake wanasayansi OWSD lenye makao yake Trieste, Italia, husaidia wasichana wa nchi kama yetu kusoma katika nchi nyingine za Kusini. Usiombe kwa kuandika kwamba unapenda sayansi. Andika swali unalotaka kulijibu.

Ili uwe na swali, nakupa hesabu hii uifanye likizo hii ukiwa Arua. Kituo cha afya kinataka kutunza kilo 10 za hidrojeni katika aloi ya chuma na titaniamu. Kwa asilimia 1.8, uzito wake ni kama mifuko 11 ya saruji, hilo nimekufanyia. Aloi hutoa kilojuli 28 kwa kila moli ya hidrojeni inayoingia. Niambie ni joto kiasi gani litakalotoka ikijazwa kwa saa 8 za jua, kama linatosha kuchemsha maji ya kusafishia vyombo vya kituo au ni la vuguvugu tu, na gesi inapotolewa usiku, joto la kuidai litatoka wapi. Nitumie karatasi yenyewe, pamoja na mistari uliyoifuta.